Kuongoza diskasheni ya dini na maadili chuoni bila kugeuka mhadhara wa kulumbana: mwongozo kamili

Naandika hii kwa sababu kila semesta ni kilio kilekile. Kundi limepewa mada ya dini na maadili, wamekesha, slaidi zimepambwa, wamesimama mbele, dakika ya kumi tu mmoja katoa aya, mwingine kajibu na mstari wa Biblia, wa tatu kasema mila zetu zinakataa, huko nyuma watu wanapiga makofi kama wako uwanjani, alafu lekchara anafunga daftari anasema asanteni. Matokeo yakitoka ni 4 kwa 10 na hamjui mmekosea wapi.

Nimekaa kwenye semina hizi miaka kadhaa, kwanza kama mwanafunzi niliyekula hiyo 4 mwenyewe, baadaye kama msaidizi wa kusahihisha. Tatizo sio kwamba watu hawajui dini, wengi wanazijua vizuri sana. Tatizo ni kwamba wanadhani ukishataja andiko kazi imekwisha, wakati semina inaanzia hapohapo, pale unapoulizwa umetokaje kwenye hilo andiko mpaka ukafika kwenye hukumu yako. Hiyo njia ya katikati ndo inayopewa maksi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, kuuza figo. Wewe mada yako inaweza kuwa riba, uzazi wa mpango au adhabu ya kifo, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Swali moja lililoandikwa. Swali, sio mada.
- Kisa kifupi, nusu ukurasa, kopi moja kwa kila watu wawili.
- Vitu vitatu vya kusoma: andiko lenyewe, ufafanuzi wa wanazuoni wa dini husika, na mwanafalsafa mmoja anayejenga hoja bila kuegemea andiko.
- Watu watatu wenye kazi: mwongozaji, mtunza muda, na mwandishi. Mwandishi asiwe mwongozaji, utajuta.
- Ubao au bango kitita na kalamu rangi mbili.
- Vikaratasi vidogo, kimoja kwa kila mtu.
- Dakika 50 na watu wasiozidi 25 hivi. Wakizidi, gawa makundi mawili.

Projekta sio lazima, kiukweli ni afadhali isiwepo. Watu wakiwa na slaidi wanasoma slaidi.

## Hatua ya 1: Bana mada mpaka iwe swali

"Dini na maadili ya tiba" sio swali, ni jina la kozi. Ukiingia nalo hivyo kila mtu ataongelea anachokijua, mmoja uzazi wa mpango, mwingine maombi ya uponyaji, na hamtakutana popote.

Bana hivi: *Mtu mzima mwenye akili timamu akiuza figo yake kwa hiari, anatenda kosa la kimaadili?*

Angalia neno "kosa la kimaadili". Hapo tumeweka pembeni makosa mawili ambayo watu huyachanganya nalo, kosa la kisheria na dhambi. Kitu kinaweza kuwa halali kisheria na bado kikawa kibaya kimaadili, na kinaweza kuwa dhambi kwa waumini wa dini moja bila mtu mwingine kuwa na sababu ya kukiona kibaya. Usipotenganisha haya matatu mapema, nusu saa itaisha watu wanabishana huku mmoja anaongelea mahakama na mwenzie anaongelea akhera.

Angalizo: swali lisiwe na jibu tumboni. "Kwa nini kuuza viungo ni dhambi" limeshahukumu tayari, mnabaki kutafuta mashahidi tu.

Utajua umepata pale utakapomuuliza jirani yako wa hosteli na akaweza kutetea ndiyo kwa dakika moja, kisha hapana kwa dakika moja, bila kukuuliza unamaanisha nini.

## Hatua ya 2: Andika kisa

Bila kisa watu wanaongelea "jamii". Jamii haiumwi, haidaiwi, haina jina.

Changu huwa hivi: kijana wa miaka 27, dereva wa bodaboda, anadaiwa milioni 6, pikipiki imeshachukuliwa. Mfanyabiashara mmoja anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila safari kama saa nne kwenye mashine, ndugu zake wamepimwa hawaendani naye. Anatoa milioni 30. Kijana hajalazimishwa na mtu. Basi, hukumu usiandike.

Ongeza mistari miwili ya hali halisi ili msielee. Upandikizaji wa figo sio hadithi ya Ulaya tena, Muhimbili walianza kuufanya hapahapa mwaka 2017, kwa ndugu kumpa ndugu. Kuuza ni jambo jingine, karibu dunia nzima inakataza, na mfano unaotajwa siku zote wa nchi yenye utaratibu rasmi wa kumlipa mtoa figo ni Iran. Zingatia hilo, nchi inayoendeshwa kwa misingi ya dini ndo imeruhusu, kwahiyo wale wa "dini zote zinakataa" wajiandae.

Angalizo: usitumie mtu wa kweli, hasa wa darasani. Na kabla ya siku yenyewe mwambie CR (kiongozi wa darasa) atangaze mada, maana unaweza kukuta mwenzenu ana mama yake yuko kwenye mashine wiki hiyohiyo. Apate nafasi ya kukaa pembeni bila kujieleza.

## Hatua ya 3: Soma vitatu, usisome ishirini

Hapa ndo watu wanafeli zaidi kwahiyo nitakaa kidogo.

Andiko, lote. Karibu kila semina mtu atataja Qur'an 5:32, kwamba anayeokoa uhai wa mtu mmoja ni kama ameokoa watu wote. Sawa, lakini fungua usome aya nzima, inaanza kwa kusimulia walichoandikiwa Wana wa Israili, na inazungumzia kuua kabla haijafika kwenye kuokoa. Kuitumia kwa figo kunawezekana, wanazuoni wanaitumia, ila inabidi uoneshe daraja. Upande wa pili kuna 2:195, msijitie kwa mikono yenu kwenye maangamizo, na kuna hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kwahiyo ndani ya dini moja tayari una maandiko yanayovuta pande tofauti, kabla hata Mkristo hajafungua mdomo. Kwa Wakristo ni hivyohivyo, Yohana 15:13 inasifu kutoa uhai kwa ajili ya rafiki, 1 Wakorintho 6:19 inasema mwili ni hekalu na wewe si mali yako mwenyewe. Mmoja ataziona zinapingana, mwingine ataziona zinasaidiana, na huo mjadala peke yake unatosha semina nzima.

Ufafanuzi wa wanazuoni. Usiishie kwa shehe wa mtaani kwenu au klipu ya mchungaji. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipitisha azimio Jeddah mwaka 1988: kupandikiza kiungo kunaruhusiwa kwa masharti, na mojawapo ni kwamba kisiuzwe. Wengi wanaishia hapo. Endelea kusoma, azimio hilohilo linasema mgonjwa kutoa fedha ili apate kiungo anachokihitaji kwa dharura, au kama fidia au heshima kwa aliyempa, ni jambo la ijtihadi, yaani wanazuoni wanatakiwa kulipima na kulitolea rai wenyewe. Kwahiyo mlango wa mnunuzi haukufungwa kama ule wa muuzaji. Siku mwanafunzi mmoja alipolitoa hili darasani kimya kilitanda, lekchara mwenyewe akaomba kopi.

Kwa Wakatoliki una Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anayesema kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, kwahiyo kukata kilichooza ili kuokoa mwili ni sawa. Sasa figo nzima unayompa mtu mwingine inaokoa mwili gani? Sio wako. Wanateolojia wa karne ya 20 walisumbuana sana na hilo, wengi wakaja kuegemea kwenye upendo kwa jirani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2296 leo inakubali kutoa kiungo, kwa sharti kwamba mtoaji ameridhia na hatari anayoibeba inalingana na faida anayoitafutia mpokeaji.

Mwanafalsafa. Chukua Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18. Kwenye kazi yake ya mwaka 1797 kuhusu maadili anataja, sikutanii, mtu anayetoa au kuuza jino lake likapandwe kwenye mdomo wa mtu mwingine, na anaiita sehemu ya kujiua. Kwake binadamu sio kitu cha kukatwa vipande na kuwekewa bei, hata akiridhia mwenyewe. Kwa hoja hiyo hataki aya wala sura.

Angalizo kuhusu "mila zetu". Mwafrika mwenzangu, usiseme "Waafrika tunaamini" ukadhani umemaliza. John Mbiti, aliyefundisha Makerere, aliona dini imeenea kwenye kila kona ya maisha ya Mwafrika. Kwasi Wiredu wa Ghana akaja na hoja kwamba maadili ya Waakan, watu wa hukohuko kwao, yanasimama kwenye maslahi ya binadamu, hayaning'inii kwenye amri ya Mungu. Wote wasomi, wote Waafrika, hawakubaliani. Sema ni kabila gani, desturi gani, na nani kaieleza.

Utajua umepata ukiweza kueleza kila moja ya hivi vitatu kwa sentensi mbili bila kuangalia karatasi. Ukishindwa, ujue umepiga desa tu.

## Hatua ya 4: Chora njia kutoka andiko mpaka hukumu

Kwenye ubao chora masanduku manne kwa mstari: andiko → kanuni → hali halisi → hukumu. Rangi moja kwa mliyoyasoma, nyingine kwa mnayodhani.

Jaribu. Andiko: anayeokoa mmoja kaokoa wote. Kanuni: kuokoa uhai kuna uzito mkubwa. Hali halisi: mgonjwa atakufa asipopata figo? Hapo simama, yuko kwenye mashine, anaweza kuishi nayo miaka, ila kwa tabu na gharama. Kwahiyo ni kuokoa uhai au ni kuboresha maisha? Na aliyetoa, anabaki salama kiasi gani akiwa na figo moja na kazi ya bodaboda? Ona jinsi hukumu inavyoanza kutikisika, na andiko halijaguswa hata kidogo. Ugomvi mwingi tunaouita wa dini ukiuchora hivi unakuta uko kwenye sanduku la tatu, watu wanatofautiana juu ya hali halisi, sio juu ya Mungu.

Kazi yenyewe ni kuuliza mshale upi ndo dhaifu. Mtu akiruka kutoka la kwanza mpaka la nne, mrudishe taratibu: "umepitia kanuni gani hapo?"

Kuna swali moja linalokaa chini ya ubao wote, kitu ni kibaya kwa sababu Mungu amekikataza, au amekikataza kwa sababu ni kibaya? Plato anamwonesha Sokrates akiuliza kitu cha namna hiyo. Ndani ya Uislamu kulikuwa na makundi mawili ya wanateolojia wa zamani, Wamu'tazila walisema akili inaweza kutambua uzuri na ubaya wa tendo, Waashari wakasema uzuri na ubaya unawekwa na amri ya Mwenyezi Mungu. Nalitaja kwa sababu kila mwaka kuna mwanafunzi anayedhani kuliuliza tu ni kukufuru, wakati waumini wakubwa wamelijadili zaidi ya miaka elfu.

Angalizo: usilifungue mwanzo. Litameza dakika zote 50 na figo hamtaigusa. Liache mpaka mtu agonge nalo mwenyewe.

## Hatua ya 5: Kanuni za chumba na maneno ya kufafanua

Kanuni tatu zinatosha, zisome kwa sauti. Moja, "mimi kama Muislamu" au "mimi kama Mkristo" inaruhusiwa, ila ifuatwe na "kwa sababu" ambayo asiye wa dini yako anaweza kuifuatilia hata asipoikubali. Mbili, kabla ya kumpinga mtu rudia hoja yake mpaka aseme "ndo hivyo". Tatu, mtu hawakilishi dini yake nzima, usimuulize Mhindu pekee wa darasa Wahindu wanasemaje, na asiye na dini hahitaji kujitetea kwa nini hana.

Alafu maneno. Kozi inafundishwa kwa Kiingereza lakini joto likipanda wote tunahamia Kiswahili, na hapo kuna mitego. "Haki" yetu inabeba vitu viwili, haki ya kijana kuamua juu ya mwili wake, na haki kwa maana ya uadilifu, kwamba maskini asinyonywe. Nimeona watu wakigombana robo saa, wote wanapiga kelele "haki", mmoja hii mwingine ile. Na "maadili" mtaani imekuwa urefu wa sketi. Andikeni ubaoni mnamaanisha nini, inachukua dakika mbili.

## Hatua ya 6: Dakika 50 zenyewe

Dakika 4, kusoma kisa. Kimya.

Dakika 4, kuandika. Kila mtu kwenye kikaratasi: ndiyo au hapana, na sababu moja, bila jina. Hii usiiruke hata ukichelewa, maana mtu akishaandika chake ni vigumu kufuata upepo wa anayeongea kwa sauti kubwa.

Dakika 12, mzunguko. Changanya vikaratasi, gawa, kila mtu asome cha mwenzie na akitetee kwa nusu dakika. Watacheka, watalalamika, lakini ndo mara ya kwanza wengi wao wanatetea kitu wasichokiamini.

Dakika 20, ubao. Masanduku manne. Mwongozaji haongei zaidi ya sentensi mbili kwa mkupuo.

Dakika 10, kufunga. Usipige kura, hii sio bunge. Uliza nani kabadilika na nini kilimbadilisha, na wapi bado hatukubaliani.

Utajua imeenda vizuri ukisikia Muislamu anamkosoa Muislamu na Mkristo anamsaidia Muislamu kunyoosha hoja. Pande zikibaki kama zilivyoingia mlangoni, kuna hatua umeiruka.

## Hatua ya 7: Pakichafuka

Patachafuka, hata ujiandae vipi. Kila darasa lina ustaadh wake na mtumishi wake, na siku mada ni dini wote wamevaa.

Akianza kuhubiri usimkatishe kwa kejeli. Sema: "Ustaadh, nimekupata, hebu tuwekee hiyo kwenye sanduku la pili." Au: "Mtumishi, hiyo ni kanuni au ni hukumu?" Anakuwa na kazi ya kufanya, na heshima yake imebaki.

Mtu akidhihaki kitabu au mtume wa wenzie, simamisha palepale, hapo usitafute lugha ya upole. Na sio adabu tu, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kwa sababu hiyohiyo simu zikae mezani kifudifudi, klipu ya sekunde 15 ikitoka kwenye grupu la WhatsApp haibebi kisa wala swali, inabeba sura yako tu.

Mtu akilia, pumzika dakika mbili, dada au kaka mmoja atoke naye. Usimwombe aje "kutuelezea uzoefu wake".

## Hatua ya 8: Ripoti

Andikeni siku hiyohiyo, kesho mwandishi hatausoma mwandiko wake. Kurasa mbili: swali, hoja mbili zenye nguvu zaidi kwa kila upande, mshale uliokuwa dhaifu, na pale mliposhindwa kukubaliana pamoja na sababu. Msiandike "wanachama wote walikubaliana", anayesahihisha alikuwa amekaa pale nyuma.

Vile vikaratasi vya mwanzo viambatisheni kwa pini nyuma ya ripoti. Kundi langu la kwanza tulivitupa, tukaulizwa tunajuaje kwamba watu wanane walibadili msimamo, na hatukuwa na cha kuonesha.